Panya wa Umeme na Jogoo wa Radi



Katika miezi iliyopita wazazi wa Kahama, wa Geita na wa mjini Shinyanga wametuletea swali moja kwa maneno mbalimbali. Wasema kwamba watoto wao, wapatapo simu ya baba au ya kaka, huinamia mchezo wa kukusanya viumbe vya ajabu, na katika viumbe hivyo yumo panya wa rangi ya manjano ambaye hutoa umeme mwilini mwake na kuwapiga nao adui zake. Mzazi mmoja auliza: Je, huyu si jini? Wa pili auliza: Je, mtoto anayempenda mnyama wa namna hii hataharibika akili? Na wa tatu, ambaye swali lake limetushughulisha kuliko yote, auliza: Mwanangu amesema kwamba bibi wa jirani anafuga mnyama wa radi, kama yule wa mchezoni. Nimjibu nini?

Swali hili la tatu ndilo tunaloliendea leo, lakini njia yake yapita katika yale mawili ya kwanza, nasi tutayajibu kwa taratibu.

Panya huyu ni nani

Jina lake ni Pikachu, na mchezo wake huitwa Pokémon. Ulitolewa mara ya kwanza nchini Japani tarehe 27 Februari 1996, uchezwe katika chombo kidogo cha mkononi cha kampuni ya Nintendo. Aliyeubuni ni Satoshi Tajiri, mtu ambaye utotoni mwake alipenda sana kukusanya wadudu, naye akataka watoto wa mijini, wasio na mashamba wala vijito vya kutafutia wadudu, wapate ladha ile ya kukusanya na kubadilishana. Viumbe vya kwanza vilikuwa 151, na leo vimepita 1,000. Pikachu ni wa 25 katika orodha yao, na aliyelichora umbo lake ni Bi Atsuko Nishida. Jina lenyewe limeungwa kwa milio miwili kama Wajapani wanavyoisikia, mlio wa cheche na mlio wa panya. Mashavu yake mekundu ndiyo ghala ya umeme wake.

Basi kwa mzazi wa kwanza jibu ni jepesi. Kiumbe huyu anajulikana aliyemchora, unajulikana mwaka aliotolewa, na inajulikana kampuni inayopata fedha kwa ajili yake. Jini hana hakimiliki. Huyu ni wa hadithi, kama sungura wa hadithi zetu amdanganyaye fisi, na hatujapata kusikia mtu wa Usukuma aliyemwendea sungura porini kumtaka shauri kwa kuwa alisikia katika hadithi kwamba ana akili nyingi. Mtoto asikiapo hadithi, akajua kuwa ni hadithi, hapana madhara yaliyompata.

Yapasayo kutazamwa katika mchezo

Lakini hatusemi kwamba hapana la kutazamwa. Mwezi wa Machi 2001 wanazuoni wa Saudi Arabia walitoa uamuzi wa kuukataza mchezo huu pamoja na karata zake, na katika hoja zao walitaja kwamba namna ya kushindania karata zile yafanana na kamari, na kwamba waliona ndani yake alama za itikadi nyingine. Yako mataifa mengi ya Waislamu ambamo mchezo huu wachezwa hata leo, na katika jambo la alama watu wamekhitalifiana. Ama katika jambo la kamari hapana khitilafu. Watoto wakiwekeana fedha, au mmoja akishinda akachukua mali ya mwenziwe, hiyo ni kamari, iwe picha ni ya panya au ya ng'ombe. Kadhalika michezo mingi ya simu huuza vitu visivyoshikika kwa fedha zinazoshikika. Mzazi ampaye mtoto simu yenye akiba ya fedha ndani yake, kisha asimwangalie, asistaajabu akikuta akiba imekwisha.

Na kwa mzazi wa pili liko jambo lililotokea kweli, nalo lafaa kujulikana. Tarehe 16 Desemba 1997 televisheni ya Japani ilionyesha katuni ya mchezo huu. Katika tendo moja Pikachu alipiga umeme, pakatokea mlipuko, na mlipuko ule ulionyeshwa kwa mwanga mwekundu na wa buluu uliopokezana kwa kasi ya mara 12 hivi kwa sekunde moja. Usiku ule watoto wapatao 685 walipelekwa hospitali, baadhi yao wakiwa wameshikwa na degedege. Mtu mwenye haraka angalisema kwamba panya yule ana nguvu za siri. Matabibu hawakusema hivyo. Walitazama, wakaona kwamba sababu ni mwanga unaowaka na kuzimika kwa haraka, ambao ubongo wa baadhi ya watu hauwezi kuuvumilia. Katuni ile ikasimamishwa kwa muda wa miezi minne, sehemu ile haikuonyeshwa tena, na Wajapani wakaweka taratibu za mwanga katika televisheni zao. Mzazi naye ana taratibu yake: mtoto asitazame kioo karibu mno na macho, wala asitazame gizani, na mwenye kifafa aepushwe na mianga ya namna hiyo.

Tumeieleza khabari hii kwa urefu kwa sababu ndani yake mna somo litakalotufaa mbele. Watoto waliumia kweli, sababu ikatafutwa, ikapatikana, wala hapana bibi kizee aliyelaumiwa.

Wako wanyama wenye umeme

Mtoto wako aweza kukuuliza: Je, ulimwenguni hapana kabisa mnyama mwenye umeme? Usimjibu kwamba hapana, kwa kuwa wako, tena wengine wako karibu nawe. Panya wa umeme hayuko, lakini samaki wa umeme wako.

Katika mto Nile, katika Ziwa Tanganyika na katika mito ya Kongo yuko kambare wa umeme, ambaye aweza kutoa mpaka volti 350. Umeme wa majumbani mwetu ni volti 230, ijapokuwa mpigo wa samaki huyu ni wa muda mfupi mno. Wamisri wa kale walimchora samaki huyu katika makaburi yao zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Waarabu wa Misri humwita raad, na neno hilo ni la shina moja na neno letu radi, nalo ndilo jina la sura ya 13 ya Kurani. Tabibu Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyeishi Misri katika miaka iliyo karibu na 1200, alimweleza katika kitabu chake jinsi anavyomtetemesha na kumfisha ganzi mwenye kumshika angali hai. Miaka mia sita kabla ya waya wa umeme kujulikana, tabibu huyu alitazama, akaandika aliyoyaona, wala hakuongeza chumvi.

Na wewe uliye Geita, Chato au Nkome, huna haja ya kwenda Misri. Yuko samaki wa Ziwa Viktoria aitwaye domodomo, kwa ajili ya mdomo wake mrefu ulioinama kama mkonga wa ndovu. Wavuvi wamemvua tangu zamani, na wengi wamemla bila kujua ajabu yake. Domodomo ana kiungo katika shina la mkia kinachotoa mapigo madogo ya umeme, madogo hata mkono wa mtu hauyasikii. Kwa mapigo hayo huyapima maji yaliyomzunguka. Kitu kikiwa karibu, umeme ule hubadilika, na ngozi yake hutambua mabadiliko. Kwa njia hiyo hutafuta chakula usiku katika tope ambamo macho hayafai kitu, na kwa mapigo hayohayo husemezana na wenziwe. Umeme dhaifu wa namna hii katika samaki wa Afrika ulikuwa haujulikani mpaka Hans Lissmann wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipoutangaza mwaka 1951, alipomchunguza samaki mmoja wa mto Nile aliye jamaa ya domodomo.

Hakika jambo hili lastahili kufikiriwa. Mtu wa Japani amekaa mezani akabuni mnyama mwenye umeme mashavuni, na dunia nzima ikamshangilia. Na huku samaki mwenye umeme mkiani alikuwa akiuzwa sokoni kwetu kwa mafungu, wala hapana aliyemtazama mara mbili. Mzazi anayetaka kumtoa mtoto katika mchezo kwa saa moja asimnyang'anye simu kwa ukali. Amwonyeshe domodomo.

Jogoo asiyechorwa na mtu

Sasa twafika katika swali la tatu.

Mtoto yule aliyesema kwamba bibi wa jirani anafuga mnyama wa radi hakulipata neno hilo Japani. Mchezo haukumwambia kwamba viumbe vyake viko katika kijiji chake, wala haukumtajia jina la bibi. Neno hilo amelipata kwetu, jikoni au mlangoni, katika maneno ya watu wazima. Katika nchi nyingi za Maziwa Makuu husimuliwa kwamba radi ni ndege. Waluhya wa Kenya wana masimulizi ya jogoo mwekundu wa mbinguni, na kusini kabisa mwa Afrika Waxhosa wana ndege wao wa radi. Kwetu husemwa kwamba kuna radi ya Mungu na kuna radi ya kutumwa, na kwamba yuko mtu awezaye kuifuga, kuilisha na kuituma kwa adui yake.

Twaomba msomaji aviweke viumbe hivi viwili mbele yake avipime. Panya wa Japani ajulikana kuwa ni wa kubuni, naye hajapata kumtoa mtu katika nyumba yake. Jogoo wa radi naye ni wa kubuni, lakini hajulikani kuwa ni wa kubuni, na kwa ajili hiyo ana panga mkononi. Nyumba ikipigwa, au ng'ombe wakifa, huulizwa: Ni nani aliyetuma? Na swali likiisha kuulizwa hivyo, jibu lake halitakuwa wingu, bali litakuwa mtu, na mtu huyo mara nyingi ni mwanamke mzee, mjane, asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea, tena mwenye shamba linalotamaniwa. Husemwa kwamba macho yake ni mekundu. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepika kwa moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe kwa miaka hamsini, akiwalisha watu walewale wanaomnong'ona.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Mauaji ya vikongwe katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na jirani zake yamejulikana na kuandikwa tangu miaka ya 1970. Na katika ukanda huu wetu wa dhahabu tumeona dhana nyingine ya ukoo huohuo, ile iliyosema kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huleta bahati machimboni na ziwani. Tangu mwaka 2007 watu wenye ualbino waliuawa kwa ajili ya dhana hiyo, na Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua mtoto wa miaka 14. Mtoto yule hakuuawa na jini wala na mchezo. Aliuawa na hadithi iliyoaminiwa.

Radi ni kitu gani

Basi, ikiwa radi si jogoo, ni nini? Mzazi hana budi kulijua jibu, kwa maana mtoto akikatazwa uongo asipewe ukweli, atarudi kwenye uongo.

Jua likichoma nchi, hewa yenye unyevu hupanda juu, na wingu hukua kwenda juu kilometa kumi na zaidi. Ndani ya wingu, mahali penye baridi kali, chembe za barafu na mvua ya mawe hupigana na kusuguana. Katika kusuguana huko umeme hutengana, wa namna moja ukapanda juu ya wingu, wa namna ya pili ukakaa chini yake. Umeme huo ukizidi, hupasua hewa na kushuka ardhini. Hewa inayopitiwa hupata joto la nyuzi 30,000 hivi, mara tano ya uso wa jua, ikatanuka kwa ghafula, na mlio wa kutanuka huko ndio ngurumo. Na kwa kuwa ziwa liko karibu, mawingu ya namna hii ni mengi kwetu: mchana hujijenga juu ya nchi kavu, usiku juu ya ziwa walimo wavuvi.

Radi hupenda kilicho kirefu na kilicho peke yake. Ndiyo sababu mti ulio peke yake mbugani hupigwa, na mchungaji aliyejikinga chini yake huangamia. Na kwa nini ng'ombe hufa wengi kwa mpigo mmoja, wala asiguswe hata mmoja na radi yenyewe? Kwa sababu umeme ukiisha kuingia ardhini hutawanyika, na ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele iko mbali na ya nyuma, huupokea kwa mguu huu na kuutoa kwa mguu ule, na moyo wake uko katikati ya njia. Hapo hapana aliyetuma wala aliyetumwa. Mwenye ng'ombe aliyepoteza kundi lake ana haki ya kulia, lakini hana haki ya kumtafuta wa kulipa.

Mwezi wa Oktoba 2018 radi ilipiga shule moja ya msingi mjini Geita, na wanafunzi sita wakafariki dunia. Mungu awarehemu, na awape subira wazazi wao. Iwapo twataka kuwaheshimu watoto wale, heshima yao ni kuzuia lizuilikalo. Ufito wa chuma juu ya paa, ulioungwa kwa waya mnene wa shaba unaoshuka mpaka ndani ya ardhi, huupa umeme njia ya kupita bila kudhuru. Jambo hili lajulikana tangu katikati ya karne ya 18, alipolifundisha Benjamin Franklin wa Marekani. Wazazi wanaochangia shule zetu na madrasa zetu waulize: Je, ufito huo uko? Swali hili lina faida kuliko swali la nani aliyetuma.

Na kila nyumba iyashike haya. Mvua ikinyesha, hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilometa moja. Zikiwa pungufu ya 30, ingia ndani ya nyumba imara au ndani ya gari, wala usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Usikae chini ya mti, wala majini, wala juu ya kifusi cha machimbo, wala usishike uzio wa waya. Watu wasisimame wamekusanyana uwanjani. Na aliyepigwa na radi aguswe mara moja, kwa kuwa mwili wake hauna umeme wa kumdhuru amshikaye. Wako waliokufa kwa sababu jirani waliogopa kuwagusa, na huku moyo uliosimama ungaliweza kuamshwa kwa kukandamiza kifua kwa haraka na mfululizo mpaka msaada ufike.

Nimjibu nini mwanangu?

Sasa, ewe mzazi wa tatu, jibu letu ni hili. Mkalishe mwanao, wala usimkaripie. Mwambie: Panya wa mchezoni alichorwa, nawe wamjua aliyemchora. Mwulize: Jogoo wa radi, ni nani amemwona? Atakutajia aliyeambiwa na aliyeambiwa, na hapo mwenyewe ataanza kufahamu.

Kisha utumie mchezo wake kumfundisha. Katika mchezo ule umeme huwashinda viumbe wa maji na viumbe warukao, lakini haumfanyi lolote kiumbe wa ardhi. Mwambie kwamba katika mambo haya waliobuni mchezo wamesema kweli nusu. Ni kweli kwamba majini ni mahali pa hatari wakati wa umeme, na kwa hiyo hatuogelei mvua inaponguruma wala hatushiki swichi kwa mikono yenye maji. Ni kweli kwamba ardhi huumeza umeme, na kwa hiyo waya wa ufito huzikwa ardhini. Lakini ndege atua juu ya waya wa umeme wala hafi, kwa kuwa amegusa waya mmoja tu. Na ardhi ile iliyoumeza umeme ndiyo iliyowaua ng'ombe. Mtoto aliyefundishwa hivi atakuwa amejua kupima analoambiwa, liwe limetoka Japani au limetoka kwa jirani.

Na mwisho, mshike mkono, mpeleke kwa yule bibi. Mchukulieni unga, au kuni, au sukari kidogo. Mwana amsalimu kwa adabu, amsikie sauti yake, ayaone macho yake mekundu na jiko lake la mafiga matatu lenye moshi. Akirudi nyumbani, mwulize kama ameona jogoo. Na siku ile maneno yatakapovuma kijijini, maana maneno hayaachi kuvuma, yuko mmoja atakayeweza kusema: Mimi nimeingia nyumba ile, na aliyemo ni bibi yangu.

Neno hilo moja la mtoto, na la baba yake nyuma yake, laweza kuokoa roho. Tusilicheleweshe mpaka masika.

Wabillahi taufiki.